Tarehe iliyokosewa: msaada wa kisheria unafika wapi, na nini kinabaki?

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitupa rufaa ya wajane wawili kutoka Shinyanga. Mahakama haikusema kwamba wajane wale hawana haki. Haikusema pia kwamba wanayo. Ilisema kwamba hati ya amri ya Mahakama Kuu iliyoambatishwa kwenye rufaa ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Hati ya namna hiyo haiandikwi na mjane wala na wakili wake; inaandaliwa mahakamani, inagongwa muhuri mahakamani, na mtu hukabidhiwa dirishani. Wajane walikuwa wamesubiri miaka minne ili rufaa yao isikilizwe. Ikaishia kwenye tarehe.

Naanza hapo kwa sababu kesi ile imebeba karibu kila kitu ambacho watu hukichanganya wanapozungumzia msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Wapo wanaodhani ni wakili wa bure, na akishapatikana mambo yameisha. Wapo wanaodhani ni semina: fulana, kofia, soda na posho ya nauli. Na wapo wanaoona wanaharakati wakienda Dodoma kuzungumza na wabunge, wakauliza hao wanamsaidia mjane gani. Maswali hayo yote ni ya haki. Ila majibu yake yamefungamana, na ukivuta uzi mmoja, mwingine unafuata.

Kwanza kisa chenyewe. Wajane hawa, ambao nyaraka za Umoja wa Mataifa zinawataja kwa herufi tu, E.S. na S.C., walifiwa na waume zao mwaka 1999 na 2000. Ndugu wa waume wakashika mali na nyumba, na wajane wakatakiwa kuondoka na watoto wao. Kibaya zaidi kwao, ndugu wale hawakuwa wakivunja sheria. Walikuwa wakiitumia. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoweka sheria za mila kwenye maandishi, linasema kwa ufupi kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mabinti wamo kwenye orodha, lakini wako daraja la tatu, la mwisho, na ardhi ya ukoo wanaweza kuitumia bila kuwa na ruhusa ya kuiuza.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana neno “mila” hudanganya. Mila inayosemwa na wazee barazani hubadilika: ukoo huu unamwachia mjane shamba, ule unamwachia nyumba, mwingine unamuuliza yeye mwenyewe. Mila iliyochapwa kwenye Gazeti la Serikali mwaka 1963 haibadiliki mpaka mtu mwenye mamlaka aibadilishe. Kazi ya kuziandika ilianza tangu enzi za Mwingereza, kwa mkono wa Hans Cory aliyezikusanya sheria za Wahaya na Wasukuma, na serikali ya uhuru ikaiendeleza kwa nia ya kuunganisha taratibu za makabila mengi. Nia haikuwa mbaya. Lakini kilichokuwa kinatembea kikafungwa kamba, na kamba ikaachwa pale pale.

Sasa tuseme mama mmoja wa Kahama amefiwa wiki tatu zilizopita, na shemeji amekuja na kufuli jipya la mlango. Anaenda wapi?

Wakili haji kichwani mwake, na hapaswi kuja mapema hivyo. Mawakili wa kujitegemea wamejazana Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na gharama zao zinajulikana. Mtu wa kwanza anayeweza kumfikia mama huyu ni msaidizi wa kisheria: mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, kijana aliyepata mafunzo, mwenye meza na daftari kwenye ofisi ya kata au chini ya mwembe. Kwa miaka mingi watu hawa walifanya kazi bila kutambuliwa na sheria, na hakimu au askari aliweza kuwafukuza kama vishoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowapa jina na nafasi Tanzania Bara. Zanzibar ikapata sheria yake mwaka uliofuata. Sheria ya Bara iliunda ofisi ya Msajili wa watoa msaada wa kisheria chini ya wizara yenye dhamana ya sheria, ikaweka wasajili wasaidizi mikoani na wilayani, na ikazitaka taasisi zote zinazotoa huduma hii zisajiliwe.

Kuna mambo mawili kuhusu msaidizi wa kisheria ambayo kila mtu angepaswa kuyajua kabla hajaketi mbele yake. Haruhusiwi kudai malipo, na hawezi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu kama wakili. Anayekuomba “hela ya faili” au anayejigamba kwamba atakusimamia mbele ya hakimu, huyo unamkimbia. Kazi yake halali ni kusikiliza, kueleza sheria kwa lugha inayoeleweka, kusaidia kuandika barua au maombi, kupatanisha inapowezekana, na kumwelekeza mtu kwenye mlango unaohusika. Hilo la mwisho laweza kuonekana dogo. Kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Angalia mirathi. Kabla ya kumwambia mama wa Kahama chochote, msaidizi lazima aulize: marehemu alikuwa dini gani, na aliishije? Maana Tanzania haina sheria moja ya mirathi. Kuna sheria za mila, hizo za 1963. Kuna sheria ya Kiislamu. Na kuna Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, ya India, iliyoletwa na wakoloni na ambayo bado inatumika kwa wale ambao maisha yao yalikuwa nje ya mila na nje ya Uislamu, kwa kawaida Wakristo walioachana na taratibu za ukoo. Mahakama hupima mwenendo wa maisha ya marehemu, pamoja na matamko yake alipokuwa hai. Alizika wazazi wake kimila? Alipeleka watoto jandoni? Alifunga ndoa kanisani na kuishi mjini bila kurudi kwao? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mjane atapata theluthi, thumuni, au kutunzwa na wanawe tu. Yanaamua pia mlango: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, lakini ile inayofuata sheria ya 1865 haina mamlaka nayo. Ukikosea mlango, kila ulichokipata huko kinaweza kufutwa miaka mitano baadaye na mtu aliyekuwa kimya muda wote.

Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaodharau ushauri wa mdomo kwamba “si msaada wa kweli”. Nusu saa ya maswali sahihi chini ya mwembe huokoa miaka ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama.

Upande wa jinai mambo ni tofauti, kwa sababu huko anayekukabili ni dola, na ukishindwa unakwenda gerezani. Sheria ya zamani ya mwaka 1969 iliruhusu mshtakiwa apewe wakili wa serikali inapoonekana haki inahitaji hivyo, lakini kwa vitendo wakili alipatikana kwenye mauaji na makosa ya uzito huo. Aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haishuki chini ya miaka 30, alijitetea mwenyewe. Mfungwa mmoja wa namna hiyo alipeleka shauri kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Katika kesi yake ya awali, utetezi ulipofika yeye alikuwa mgonjwa hospitalini, na kesi ikaendelea bila yeye. Serikali ilijibu kwamba wakili wa bure ni lazima kwenye kesi za mauaji tu, na kwamba kwa kesi kama yake mshtakiwa alipaswa kuomba. Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ilisema hapana: kosa likiwa zito kiasi hicho na mtu hana uwezo, mahakama inapaswa kumpa wakili hata kama hakuomba. Na ni kweli, mtu ambaye hajui kwamba kitu kipo atakiombaje?

Sheria ya 2017 ilifuta ile ya 1969 na kumpa jaji au hakimu uwezo wa kuthibitisha kwamba mshtakiwa huyu hana uwezo na haki inahitaji apate msaada, kisha akatafutiwa mtoa msaada. Tofauti inaonekana kwenye karatasi. Lakini bado inategemea hakimu mwenye majalada mengi mezani ainue kichwa na kumtazama mshtakiwa aliyesimama kizimbani.

Turudi Shinyanga. Wajane wale walipata msaada, tena mzuri. Mawakili wa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake wa Dar es Salaam waliichukua kesi na kuamua jambo ambalo si kila wakili angelithubutu: badala ya kugombania nyumba mbili, waligombania kanuni yenyewe. Walikwenda Mahakama Kuu kusema Tangazo la 1963 linakwenda kinyume na Katiba.

Hapo ndipo kila jalada la mtu maskini hugawanyika mara mbili. Kuna shida ya mtu huyu, leo, na kufuli lake. Na kuna kanuni iliyomfikisha hapo, ambayo kesho itamfikisha mwingine. Ukishughulikia la kwanza peke yake, unakuwa kama mtu anayekausha sakafu huku bomba linavuja. Ukishughulikia la pili peke yake, mama wa Kahama analala nje wakati wewe unaandika hoja nzuri za katiba. Na yanayomfaa mmoja si lazima yamfae mwingine, jambo ambalo wanasheria hawapendi kulisema kwa sauti.

Mfano wake bora ni wa mwaka 1983. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa, na hivyo zihesabiwe mali inapogawanywa baada ya talaka. Hadi leo hakuna kesi ya talaka isiyotaja jina la Bi Hawa. Wanawake wengi wasio na idadi wamepata kiwanja, ng'ombe au nusu ya nyumba kwa jina hilo. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu: mahakama iliona mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa maendeleo ya familia na yeye akazitapanya, hivyo fungu lake lilikwisha kutoka. Alipanda mti, wenzake wasiopanda wakala matunda, yeye akabaki na kivuli cha jina.

Kesi ya wajane ilikwenda kinyume chake kabisa, na kwa uchungu zaidi. Septemba 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zile zinabagua, tena kwa njia zaidi ya moja. Kisha ikakataa kuzifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na kwamba kufungua mlango huo kungeleta mbele yake mila za makabila yote 120 nchini. Ni kama daktari anayekuambia una malaria, tena kali, kisha anakurudisha nyumbani kwa sababu akikutibu wewe atatakiwa kuwatibu na wengine. Kwa haki, hoja ya majaji haikuwa ya kijinga: sheria inazipa halmashauri za wilaya uwezo wa kupendekeza mabadiliko ya mila za maeneo yao. Lakini mjane aliyefukuzwa nyumbani hana njia ya kuifikisha halmashauri kwenye kikao. Wajane wakakata rufaa, wakasubiri miaka minne, na hapo ndipo ile tarehe ilipoingia.

Kuna jambo linaloniudhi hapa nisiloweza kulipita. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ibara ile ilikuwa na umri wa miaka kumi siku rufaa ya wajane ilipotupwa. Ilibidi mwaka 2018 sheria zirekebishwe tena, kwa kanuni ambayo mawakili wanaiita lengo kuu, ili kuzikumbusha mahakama kwamba taratibu zipo kwa ajili ya haki. Tajiri akikumbana na pingamizi la kiufundi humlipa wakili arekebishe na kurudi wiki ijayo. Kwa maskini, kila pingamizi ni nauli nyingine, siku nyingine bila kibarua, nakala nyingine za kulipia, na kwa msaada unaotegemea mradi, hatari kwamba mradi utakwisha kabla ya kesi.

Mawakili wa wajane wakalipeleka suala kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati ilisema Tanzania imekiuka mkataba, ikapendekeza wajane walipwe fidia na sheria za mila zibadilishwe. Mapendekezo hayo hayana dalali wa mahakama wa kuyatekeleza. Yana uzito wa hoja tu, na hoja inahitaji mtu wa kuibeba hadi inakofanyiwa kazi.

Huko ndiko kwenye kile kinachoitwa kwa lugha ya mashirika “uchechemuzi”. Ukilitamka neno hilo sokoni Kariakoo watakutazama kama umepandwa na homa, ila kazi yenyewe si ngeni: ni kumfuata mwenye mamlaka, na mwenzake, na anayemwandikia hotuba, na kamati ya Bunge inayopokea maoni kabla muswada haujasomwa mara ya pili, mpaka kanuni ibadilike. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 ni ushahidi kwamba inawezekana. Vikundi vya wanawake, Chama cha Wanasheria Wanawake kikiwa mbele, viliingia mapema wakati miswada bado inaandikwa. Sheria ya Ardhi ikatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaongeza kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Kumbuka kwamba miaka tisa kabla ya hapo, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ameshaamua, kwenye kesi maarufu ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama ambavyo mwanamume angeweza. Hukumu ilitangulia, Bunge likafuata. Mara chache mambo huenda kwa mpangilio mzuri hivyo.

Mara nyingi hayaendi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mvulana aoe akiwa na 18. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la kutetea wasichana la Msichana Initiative, alifungua shauri, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Lakini ile hukumu ya Mahakama Kuu haikuwa imevifuta vifungu papo hapo. Ilitumia njia ambayo Katiba inaruhusu kwenye Ibara ya 30(5): kuipa serikali muda wa kurekebisha, hapa mwaka mmoja. Ukisoma ibara hiyo kwa makini, sheria yenye kasoro inahesabiwa kuwa halali mpaka itakaporekebishwa au muda utakapokwisha, lolote litakalotangulia. Muda umekwisha kitambo kwa hesabu yoyote utakayopiga. Miaka mitano baada ya hukumu ya Rufani vifungu vilikuwa bado vimo kitabuni, na afisa anayesajili ndoa wilayani anasoma kitabu, hasomi ripoti za kesi.

Linganisha na suala la wasichana waliopata mimba shuleni. Kwa miaka walifukuzwa, na mwaka 2017 msimamo huo ulikazwa hadharani na Rais mwenyewe. Mashirika yalipiga kelele ndani na nje. Novemba 2021, rais mpya akiwa madarakani, wizara ya elimu ikatoa waraka: warudi shuleni baada ya kujifungua. Hakuna muswada uliosomwa bungeni. Karatasi chache tu, na mkuu wa shule hakuwa tena na sababu ya kufunga geti. Hivyo unaweza kushinda hadi mahakama ya juu kabisa na kisikatokea kitu, na unaweza kupata waraka mmoja maisha ya watu yakabadilika mwezi ule ule. Tatizo la waraka ni kwamba kilichotolewa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu kuliziba pengo hili kwa njia nyingine. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, walibomolewa nyumba zao Novemba 2011 ingawa walikuwa na zuio la mahakama mkononi. Kesi yao ilipanda na kushuka, ikashinda, ikashindwa, mpaka Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba jaji anaweza kutoa amri na kuendelea kuishikilia kesi, akiitaka serikali irudi kueleza imetekeleza nini. Kwa kesi kama ya umri wa kuolewa, mtu wa kuuliza “mmefikia wapi?” kila baada ya miezi mitatu angekuwa na thamani kuliko hukumu ya pili.

Kwetu milango kadhaa imekuwa ikisogezwa badala ya kufunguliwa. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua ya kisheria kulinda Katiba, na ni kwa mwanya huo kesi za maslahi ya umma zilikua, tangu zile za Mchungaji Christopher Mtikila miaka ya 1990. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi: anayefungua shauri aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Kanuni hiyo ingekuwapo 2016, Gyumi angeulizwa mlangoni kama aliolewa akiwa na miaka 15. Na binti aliyeolewa kweli akiwa na umri huo, yuko kijijini ana watoto wawili, atafungua shauri la katiba kwa nauli ya nani? Kizuizi hicho nacho kilipingwa, na mabishano yakafika hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2019, serikali ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika, na uamuzi ukaanza kutumika Novemba 2020. Mahakama ile bado iko Arusha. Mfungwa wa leo mwenye kesi kama ile ya 2015 anaweza kupita mbele ya geti lake akiwa kwenye karandinga, lakini shauri jipya hawezi kulipeleka.

Suala la fedha nitaligusa kwa ufupi kwa sababu halina siri. Sehemu kubwa ya msaada wa kisheria nchini imeendeshwa kwa fedha za wafadhili. Mfuko wa LSF, ulioanza 2011 kwa msaada wa Denmark, ndio uliowezesha wasaidizi wa kisheria kufika karibu kila wilaya. Mwaka 2023 serikali ilizindua Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na mahema ya ushauri yakaanza kuzunguka mikoani. Watu walijaa. Foleni zile zilionyesha ukubwa wa uhitaji kuliko ripoti yoyote. Lakini hema linakaa siku chache na jalada la mirathi linaishi miaka, na siku tarehe ya kesi inapofika, mama anamhitaji mtu yule yule aliyemsikiliza mara ya kwanza, mwenye daftari lile lile.

Na pengine marekebisho yanayohitajika zaidi hayako Dodoma wala Umoja wa Mataifa. Mama wa Kahama, akishaambiwa mlango sahihi, atakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Atakuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa kama anacho, na majina ya watoto. Karani atapitia karatasi moja moja, kisha atamuuliza: muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi? Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, haziutaji muhtasari huo kama sharti. Ni mazoea, yaliyozoeleka mpaka yakageuka sheria ya dirishani. Karani hana ubaya; ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia. Basi mama anakunja karatasi zake, anapanda bodaboda kurudi, na kwenda kubisha hodi kwa shemeji mwenye kufuli, kumwomba aitishe kikao na atie saini.